Mwizi Aliyepaka Grisi

Kilichoibiwa kilikuwa na urefu wa shibiri moja tu, na mwizi alikuwa ameweka kingine mahali pake.

Inspekta alichuchumaa kando ya baiskeli nyeusi katikati ya stoo ya klabu, magoti yakimlalamikia. Aliutazama mkono wa pedali wa kushoto. Ulikuwa chuma cha kawaida, na bolti zake mbili zilikuwa zimekazwa barabara. Kwenye maungio kulikuwa na grisi mpya, imepakwa vizuri, na ile iliyozidi imefutwa kwa kitambaa.

"Mwizi gani huyu anayepaka grisi?" alijiuliza kwa sauti.

Waliosimama nyuma yake walikuwa watatu: meneja wa klabu, bingwa wa klabu mwenye baiskeli yake, na mtunza stoo, ambaye wote walimwita Mzee Kufuli. Mzee Kufuli alikuwa akifuta macho kwa mkono wa shati.

"Umegunduaje, mwanangu?" Inspekta alimwuliza bingwa.

"Nilikuwa mapumzikoni wiki tatu, mama. Leo nimerudi, nimepanda, skrini inatafuta mita ya nguvu haiioni. Nikadhani betri. Kuangalia hivi, mkono si wangu! Mita ilikuwa imebandikwa ndani ya ule mkono wangu. Ndiyo inayopima mguu unasukuma wati ngapi."

"Na kingine?"

"Mkanda wangu wa kifuani. Ule wa kupima mapigo ya moyo. Tena umezeeka, umejaa jasho langu. Mtu na akili zake anautaka wa nini?"

Hilo nalo Inspekta aliliandika. Kwenye rafu, mbele ya macho ya kila mtu, kulikuwa na mikanda mipya minne ndani ya maboksi yake, na jozi moja ya pedali zenye mita, mpya, zinang'aa. Hakuna kilichoguswa.

Meneja alikuwa na haraka. Jumamosi kulikuwa na jaribio la kuchagua timu, na siku hizi timu ilichaguliwa kwa namba, si kwa macho.

"Inspekta, kufuli halikuvunjwa. Ufunguo ni mmoja, na anao mtu mmoja. Sioni cha kupeleleza hapo."

"Mzee wangu," Inspekta alimgeukia mtunza stoo. "Ufunguo umewahi kutoka mkononi mwako?"

"Haujatoka."

"Hata siku moja?"

Mzee Kufuli alitazama viatu vyake. "Haujatoka."

Kituoni walimwita Inspekta huyu Mama Taratibu, kwa sababu katika miaka yote ya kazi hakuna mtuhumiwa aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Lakini upole hauondoi sheria. Malalamiko yalikuwa yameandikwa, ufunguo ulikuwa mmoja, na aliyeushika amekiri kuushika. Mzee Kufuli aliondoka na polisi siku hiyohiyo ya Jumatatu. Alhamisi saa tatu asubuhi angefikishwa mahakamani, na miaka yake ishirini na miwili ya kulinda mali za watu ingeishia kizimbani.

Inspekta alimwona akiinama kuingia garini, na roho ikamuuma. Aliamini kuwa yule mzee alikuwa amesema uongo. Hakuamini kuwa alikuwa mwizi.

*

Kabla ya kuondoka alipita karakana, mlango wa pili kutoka stoo. Fundi alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mikono myeusi kwa mafuta, nywele amezifunga kwa kipande cha mpira wa gurudumu. Waendeshaji walimwita Fundi Nati. Alipomwona mgeni alikuja kumpokea, na pale mlangoni alifanya jambo dogo: aliishika suruali yake juu ya goti la kulia, akaunyanyua mguu kwa mkono, akauvusha kizingiti kama mtu anayevusha ndoo ya maji.

"Karibu, mama. Usiegemee hapo, utachafuka."

"Asante. Pole na mguu."

"Nimeshapoa. Miaka sita sasa."

"Nieleze kitu, fundi. Mtu anaiba, yuko mbio mbio, halafu anapaka grisi. Kwa nini?"

Fundi Nati alijipangusa mikono. "Usipopaka, chuma kinang'ang'ania chuma. Siku ya kufungua utalia."

"Kwa hiyo alitaka pafunguke tena."

"Sijui alitaka nini. Mimi nakuambia habari za grisi."

Kando ya mlango palikuwa na msumari mmoja uliopigiliwa ukutani. Misumari mingine yote ilining'iniza spana na minyororo. Huu ulikuwa mtupu, na kichwa chake kiling'aa kwa kushikwashikwa.

"Na huu wa nini?"

"Wa chochote," alijibu fundi, akarudi kwenye gurudumu lake.

*

Jumanne asubuhi Inspekta alienda mahabusu na chupa ya chai na vikombe viwili. Alimmiminia Mzee Kufuli, naye akajimiminia, wakakaa kwenye benchi kama watu wanaosubiri basi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unaniamkia mimi mwizi?"

"Nakuamkia mkubwa wangu. Ule msumari wa karakana, pale panatundikwa nini?"

Mzee alishusha kikombe.

"Nikienda kula mchana," alisema hatimaye, "natundika ufunguo pale. Mtu akihitaji pampu, asinisubiri. Miaka kumi nafanya hivyo."

"Mbona hukusema?"

"Kanuni inasema ufunguo usitoke mkononi. Nikisema, nimejifukuza kazi."

"Usiposema unafungwa, mzee wangu."

"Mtu akifungwa kwa uongo ana la kujitetea. Akifukuzwa kwa ukweli, atajitetea na nini?"

Saa ya mkononi ya Inspekta ilipiga mlio. Ilikuwa zawadi ya wanawe, baada ya daktari kumwambia presha yake si ya kuchezea, na ilidai kwamba moyo wake unapiga mara mia na arobaini kwa dakika hali amekaa kitako anakunywa chai. Aliizima.

*

Kijana aliyesimamia namba za klabu aliitwa Takwimu hata na mama yake mzazi. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja chenye feni moja na skrini tatu. Aliitazama saa ya Inspekta kabla hajatazama kitambulisho chake.

"Hiyo itakudanganya, mama. Ya mkononi inabahatisha kwa mwanga, ukitikisa mkono tu imepotea. Ukitaka ukweli wa moyo, funga mkanda kifuani."

"Nitakumbuka. Sasa nifundishe hizi mita za nguvu. Mimi ndiye mwizi, nimeingia stoo. Nichukue ipi?"

Takwimu alicheka. "Pedali! Zile pedali mpya kwenye rafu. Zina thamani mara tatu. Zinafunguliwa kwa spana moja, zinaingia baiskeli yoyote, na zinapima miguu yote miwili, kila mmoja peke yake."

"Na ile iliyoibiwa?"

"Ile ya zamani. Inakaa upande wa kushoto tu. Inapima mguu wa kushoto, halafu inazidisha mara mbili."

"Wa kulia je?"

"Wa kulia inaukisia. Inachukulia tu kwamba miguu ya mtu inalingana."

Inspekta aliandika hayo taratibu. Mwizi aliacha cha ghali akachukua cha bei ya chini, akaacha kipya akachukua cha jasho. Ama alikuwa mjinga, au alikuwa amechagua kama mnunuzi anayejua anachokitaka. Na mtu anayepaka grisi si mjinga.

"Kitu hiki kikitumika, unaweza kujua?"

Takwimu aligeukia skrini. "Kila mita ina namba yake. Kila zoezi linalotumwa kwenye programu yetu linabeba namba hiyo." Alijipiga kofi kwenye paji la uso. "Mbona sikuwaza? Lakini mwizi hawezi kuwa mpumbavu wa kuitumia kwenye programu yetu sisi wenyewe!"

"Tafuta."

Alitafuta. Feni ilizunguka. Kisha akasogea karibu na skrini mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Mungu wangu. Mazoezi tisa. Yote ya ndani ya nyumba, kwenye stendi ya mazoezi, hakuna ramani. Jina la mwendeshaji, Kinda. Yametumwa kwenye ukurasa wa Kocha Mzee."

"Ndiye nani?"

"Aliyeanzisha klabu. Yuko kitandani mwaka wa pili sasa, na ukurasa wake hakuna anayeufungua." Alisoma namba. "Wati mia mbili na arobaini kwa dakika ishirini. Kila zoezi. Hiyo ni nguvu ya bingwa wetu! Lakini tazama moyo, mama. Mia na kumi na nane. Kesho yake mia na kumi na tisa. Halafu ishirini na mbili, ishirini na tano. Juzi mia na thelathini na moja. Anachokachoka kidogo, lakini bado ni moyo wa mtu anayeenda dukani. Nguvu hizi kwa moyo huu haziendi pamoja. Mmoja wao anadanganya."

Inspekta aliketi wima. Maisha yake yote alikuwa amekaa katikati ya mashahidi wawili wasiokubaliana, na alijua la kufanya: unamwuliza kila mmoja aliona nini hasa.

"Kocha Mzee ana watoto?"

"Ana binti mmoja. Fundi wetu, Fundi Nati. Zamani alikuwa anakimbiza baiskeli hatari. Lakini si yeye. Tangu ajali, mguu wake wa kulia umekufa. Daktari alisema hautarudi. Mtu wa mguu mmoja hawezi kutoa mia mbili na..."

Taratibu, mkono wake ukapanda ukaziba mdomo.

"Maliza," alisema Inspekta kwa upole. "Mita inapima mguu gani?"

"Wa kushoto," alinong'ona Takwimu. "Halafu inazidisha mara mbili."

*

Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili. Jumatano saa kumi na moja jioni Inspekta alibisha hodi, na Fundi Nati alipofungua mlango akiwa na kaptula na taulo begani, hakuuliza umefuata nini. Nyuma yake, katikati ya chumba, baiskeli kuukuu ya mashindano ilikuwa imebanwa kwenye stendi, feni ikiielekea. Mkono wake wa kushoto wa pedali ulikuwa mweusi na mpya kuliko baiskeli yenyewe.

"Ingia, mama. Tafadhali tuongee polepole." Alionyesha pazia lililotenganisha chumba cha pili. "Baba amelala mle."

"Ulichukua lini?"

"Wiki mbili zilizopita. Saa ya chakula."

"Ufunguo ulikuwa msumarini."

"Ndiyo."

"Mzee Kufuli analala sakafuni siku ya tatu leo, kwa ajili yako."

Fundi alifunika uso kwa taulo. Mabega yalitikisika, lakini sauti aliizuia isitoke.

"Nilitaka nirudishe kabla bingwa hajarudi. Amerudi wiki moja mapema. Jumatatu nikasema nitakiri kesho. Jana nikasema kesho. Kila siku nilikuwa naiita kesho." Alivuta pumzi. "Leo ningetuma la mwisho, kesho alfajiri ningekuja kituoni. Najua huwezi kuniamini."

"Niambie kwa nini, halafu nitajua nikuamini wapi."

Fundi aliketi kwenye kigoda, mguu wa kulia ameunyoosha mbele yake.

"Gari lililonigonga alikuwa analiendesha baba. Alikuwa nyuma yangu kwenye mteremko, ananilinda. Breki zilikataa. Tangu siku ile hajawahi kuniambia neno 'baiskeli'. Mtu aliyekuwa anaota baiskeli! Akaacha ukocha, akaacha kula vizuri, kiharusi kikampiga. Sasa daktari anasema siku zake si nyingi, na mimi namwona kila siku anautazama mguu wangu, hanitazami mimi. Nikasema, asife hivi. Nikasema, nitamwonyesha namba. Kabla ya ajali nilikuwa natoa mia mbili na arobaini. Akiiona ile namba kwenye tableti yake, ataamini nimepona. Atajisamehe."

"Kwa hiyo pedali za rafu hazikufai."

"Pedali zingemwambia ukweli. Kushoto asilimia mia, kulia hakuna kitu. Ile ya zamani haiujui mguu wa kulia. Inanihesabia wa kushoto mara mbili, inanifanya mzima."

"Sasa hebu nieleze jambo moja lililonisumbua. Mkanda wa moyo ulichukua wa nini? Bila mapigo ya moyo, hakuna mtu duniani angezishuku namba zako."

Fundi alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama vile ameulizwa kwa nini alivaa nguo.

"Baba hapokei zoezi lisilo na moyo. Tangu nikiwa na miaka tisa ananiambia, nguvu bila moyo ni porojo. Mkanda wangu ulishakufa, na ile mipya ya maboksini sikuthubutu kuifungua. Kutuma bila mkanda..." Alitikisa kichwa. "Hata haikunijia akilini."

Hapo ndipo alipokamatwa, aliwaza Inspekta. Alidanganya kila mahali isipokuwa pale alipofundishwa na baba yake kutodanganya.

"Jiandae, mwanangu. Itabidi twende."

"Kabla hamjaenda," ilisema sauti nyuma ya pazia, nzito, ya upande mmoja wa mdomo, "njooni huku. Mwili umepooza, masikio bado."

*

Kocha Mzee alikuwa ameegemezwa kwenye mito miwili, tableti kifuani. Alipokea shikamoo ya Inspekta kwa kuinua vidole viwili. Binti yake alipiga magoti kando ya kitanda, ameinamisha kichwa.

"Nisamehe, baba. Nimekudanganya."

"Hujanidanganya. Mimi nilikuwa nasoma namba hizi kabla hujaota meno." Alipumua. "Siku ya kwanza tu niliona. Zamani ukitoa mia mbili na arobaini moyo wako ulikuwa mia na sitini. Leo mia na kumi na nane? Nikajua, Kinda wangu katafuta mita ya upande mmoja. Nikajua mguu ule mwingine unaning'inia tu."

"Na ulikaa kimya?"

"Ningesema, ungeacha. Miaka sita sijasikia mlio wa mnyororo ndani ya nyumba hii. Nikasema, acha anidanganye, mradi anaendesha."

Inspekta alitazama ukutani. Macho yalikuwa yanamchoma, na polisi halii kwenye nyumba ya mtuhumiwa.

"Mimi ndiye niliyeuvunja mguu wako," mzee aliendelea. "Usidhani namba ingenisahaulisha. Lakini nipe mkono. Tazama hapa, usitazame wati. Tazama moyo."

Kidole chake kilishuka juu ya kioo, zoezi baada ya zoezi.

"Kumi na nane. Kumi na tisa. Ishirini na mbili. Ishirini na tano. Wati hazibadiliki. Chumba hikihiki, feni hiyohiyo, saa ileile. Kwa nini moyo unapanda?"

"Takwimu alisema ni uchovu," alisema Inspekta.

"Ningekuwa bado kocha wake ningemchapa. Kila asubuhi namshika mwanangu mkono na kumhesabia mapigo kabla hajaenda kazini. Sitini na mbili, kila siku. Aliyechoka haamki hivyo. Moyo unapanda kwa sababu kazi imeongezeka, na kama haikuongezeka kushoto..."

Fundi Nati alikuwa ameinua kichwa. Alitazama kioo, akatazama goti lake la kulia, akaligusa kwa ncha za vidole.

"Mita haiujui mguu wako wa kulia," alisema mzee. "Daktari naye ameukatia tamaa. Lakini moyo unaulisha, na moyo hauwezi kuulisha mguu usiofanya kazi. Unasukuma, mwanangu. Kidogo, lakini unasukuma. Nilikuwa nasubiri ufike mia na thelathini na tano ndipo nikuambie."

Ndipo binti alipolia kwa sauti, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

*

Alhamisi, kabla ya saa tatu, Mzee Kufuli alitoka mahabusu. Fundi Nati, ambaye usiku wa jana alikuwa ameandika maelezo yake kituoni bila kuficha neno, alimsubiri mlangoni. Alipiga magoti mbele ya meneja, bingwa, Takwimu na polisi wa zamu, na kwa mguu ule haikuwa kazi ndogo.

"Mzee wangu, nimekuweka ndani siku tatu kwa kosa langu. Nisamehe."

Mzee Kufuli alikuwa na hasira, na alikuwa na haki nayo.

"Inuka," alisema. "Nimekasirika, na nitaendelea kukasirika mpaka mwezi uishe. Mwezi ukiisha uje kunywa chai."

Meneja alikuwa ameshikilia faili la malalamiko. Alikuwa na uso wa mtu anayetaka kufuata kanuni lakini haoni pa kuanzia. Bingwa ndiye aliyesema.

"Vitu vimerudi, meneja. Na mkono wangu nimeukuta na grisi. Mimi sina kesi."

Klabu iliondoa malalamiko. Fundi alipewa onyo la maandishi, na ufunguo ukahamishwa kutoka msumarini. Inspekta aliandika taarifa yake kurasa mbili, na pale palipoandikwa "Chanzo cha kosa" alifikiri sana, kisha akaandika: Binti kutaka baba yake ajisamehe.

Jumamosi alasiri, baada ya jaribio, alipita nyumba ile ya vyumba viwili, akidai anataka ushauri wa mkanda wa kifuani. Pazia lilikuwa limefunguliwa. Kitanda kilikuwa kimesogezwa mlangoni, na Kocha Mzee alikuwa ameketi juu yake, kidevu juu, akitoa amri. Kwenye baiskeli kuukuu zilikuwa zimefungwa zile pedali mpya za rafuni, pamoja na kikaratasi chenye saini ya meneja na ya Mzee Kufuli: zimeazimwa.

"Usitazame kushoto!" alifoka mzee. "Kushoto tunakujua!"

Fundi Nati alikuwa analowa jasho. Kwenye skrini kulikuwa na namba mbili. Ya kushoto ilikuwa kubwa, na hakuna aliyeijali. Ya kulia ilisoma wati kumi na tisa.

Kisha ikasoma ishirini.